Bajeti ndogo ya kompyuta: kipi ununue kipya, kipi ununue mtumba

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma taratibu maana najua hela ya kudunduliza inavyouma ikipotea. Unasema unajifunza kuediti video, kompyuta yako ya mezani ni Intel kizazi cha 4, ukiweka klipu tatu tu inaanza kukwama, umejibana miezi kadhaa na sasa una kahela lakini hakatoshi kununua kila kitu kipya cha maana. Kaka yako anasema usiguse mtumba kabisa, bora vipya hata kama ni vya chini. Fundi wako anasema vipya ni kutupa hela, atakutafutia vyote vilivyotumika. We unataka kujua umsikilize nani.

Wote wawili wamekosea sehemu moja, wanaongea kama vile kompyuta ni kitu kimoja. Ndani ya lile kasha kuna vitu vinavyochakaa na vitu ambavyo ni kama havichakai, alafu kuna kimoja ambacho kikifa kinakufa na wenzake. Ukishajua kipi ni kipi, habari ya kipya au mtumba inajijibu. Mimi hela ya kipya naiweka kwenye kinacholisha umeme na kinachobeba kazi zako, yani pawa saplai na SSD. Vingine vingi nanunua mtumba bila aibu yoyote mradi muuzaji aniruhusu kujaribu mbele yake.

Nianze na pawa saplai maana hapo ndo watu wengi wanaumia. Ndani yake kuna kapasita, vile vimikebe vidogo vyenye majimaji, na yale majimaji yanakauka kadri joto na miaka vinavyokwenda, kwahiyo pawa saplai ya miaka nane inaweza kuwaka vizuri tu dukani na feni ikazunguka na taa ikawaka lakini umeme inaotoa sio tulivu tena, na hilo kwa macho hulioni. Zamani nilimfungia mteja mashine, bajeti yake ilikuwa imebana kama yako, pawa saplai nikachukua ya mtumba, lebo wati 500, nzito mkononi, nikaijaribu ikawaka nikaridhika. Wiki ya tatu akanipigia simu kwamba kompyuta imezima na kuna harufu. Nilipofungua kasha nikakuta kapasita mbili zimevimba kichwani na zimetoa ukoko wa kahawia, mazabodi (ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) imekufa, na hard disk iliyokuwa na picha za harusi ya dada yake nayo imekufa. Mazabodi nilimlipa. Picha sikuweza kuzirudisha, na tangu siku ile hicho ndo kitu ambacho simwambii mtu anunue mtumba hata akinibembeleza.

Na hata ukienda kununua mpya usidanganywe na namba kubwa ya wati iliyoandikwa kwa wino mnene. Geuza, soma lebo ya pembeni, tafuta mstari wa 12V uangalie ampea ngapi, zidisha kwa 12. Prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya grafiki (inayotengeneza picha za skrini) za siku hizi karibu umeme wote zinachukua kwenye 12V, kwahiyo ukikuta imeandikwa wati 500 lakini 12V ni ampea 18 tu basi hapo una wati 216 za kutumia, hizo nyingine ni za kwenye karatasi. Alafu alama ya 80 Plus inakwambia haipotezi umeme mwingi kuwa joto, ni nzuri kuwa nayo, ila peke yake haitoshi kukwambia vya ndani ni imara. Angalia pia waranti, kampuni inayotoa waranti ya miaka mitano inajua imeweka nini ndani. Jambo jingine ambalo watu wanalipia kwa machozi: zile pawa saplai zenye waya za kuchomoa, usichukue waya za moja ukachomeka kwenye nyingine hata kama zinaingia vizuri kabisa. Upande wa kwenye pawa saplai hakuna mpangilio mmoja wa kampuni zote, unaweza kupeleka 12V sehemu iliyotakiwa 5V na diski zikaungua sekunde hiyohiyo.

Prosesa sasa ni kinyume chake. Haina kitu kinachozunguka, haina majimaji, na ikipata joto sana inajipunguzia kasi au inazima yenyewe. Katika kazi yangu nimekutana na mazabodi zilizokufa nyingi sana, prosesa zilizokufa nahesabu kwa vidole. Kwahiyo prosesa nunua mtumba, lala usingizi. Isipokuwa Intel za kizazi cha 13 na 14 zile kubwa kubwa, hasa i7 na i9, hizo zilikuwa na tatizo la voltiji ambalo linaiharibu prosesa polepole, Intel wenyewe walilikubali mwaka 2024 wakatoa marekebisho ya BIOS, ile programu ndogo ya kwenye mazabodi inayoiwasha kompyuta, na wakaongeza waranti miaka 2. Marekebisho yanazuia, hayaponyi iliyokwisha umia, na wewe huwezi kujua mwenye nayo wa kwanza aliiendesha vipi. Ziache.

Mitego ya prosesa za mtumba haiko kwenye uzima, iko kwenye kukubaliana. Soketi, yani pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi, ya LGA1151 kwa mfano, mazabodi ya kizazi cha 6 na 7 na ile ya kizazi cha 8 na 9 soketi jina moja, umbo moja, prosesa inakaa vizuri kabisa, lakini haziwaki zikichanganywa. Upande wa AMD soketi ya AM4 imebeba Ryzen kuanzia za 2017 mpaka zile za 5000, ni soketi nzuri sana kwa mtu wa bajeti, ila mazabodi ya zamani kama B450 inataka kwanza iwekwe BIOS mpya ndo iitambue prosesa ya 5000, na kama huna prosesa ya zamani ya kuiwashia utakaa na vitu viwili vizima ambavyo haviongei. Muulize muuzaji BIOS ni toleo gani, asipojua mwambie aiwashe muangalie wote. Herufi nazo zisome: Intel yenye F mwishoni haina grafiki ndani, na Ryzen nyingi za AM4 bila G hazina pia, ukinunua hiyo bila kadi ya grafiki skrini itabaki nyeusi utadhani umeuziwa mbovu. Na kuna Ryzen PRO zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisini, baadhi zimefungwa kiusalama kwenye mazabodi za kampuni ileile iliyotengeneza hizo kompyuta, ukizipeleka kwingine haziwaki milele. Bei yake huwa chini kidogo kuliko wenzake, na sasa unajua kwa nini.

Usishuke chini ya Intel kizazi cha 8 au Ryzen 2000. Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia hapo pamoja na TPM 2.0, kile kifaa cha usalama cha ndani ya kompyuta. Najua kuna njia za kuzunguka, nimezitumia, lakini we unatoa hela yako sasa hivi, usinunue kitu ambacho tayari kina mgogoro na mwenye programu.

Mazabodi ndo ninayoiogopa zaidi kwenye mtumba baada ya pawa saplai, kwa sababu inaumwa kwa siri. Inaweza kuwa na tundu moja la RAM (memori ya kazi) bovu, au USB za mbele hazifanyi kazi, au inazima yenyewe ikipata moto baada ya dakika arobaini, na muuzaji atakuonyesha ikiwaka na ataapa kwa mama yake na hatakuwa muongo. Ukiishika ya Intel fungua kile kifuniko cha soketi, washa tochi ya simu, usimulike kutoka juu, iweke tochi ubavuni karibu ilale na ubao kabisa. Pini zaidi ya elfu moja zitang'aa kwa mistari iliyonyooka kama shamba lililopandwa kwa kamba. Izungushe mkononi polepole. Mstari unatakiwa ubaki mstari kila upande. Ukiona sehemu nukta moja imezima wenzake wanang'aa, au inang'aa peke yake wenzake wamezima, hiyo pini imeinama, na pini moja tu inaweza kukunyima nusu ya RAM. Za AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, hizo ni rahisi kuona na hata kuinyoosha moja kwa wembe ukiwa na mkono mtulivu. Ushauri wangu, kama lazima mazabodi iwe ya mtumba basi nunua ikiwa imeshikana na prosesa yake na RAM yake, mtu anauza seti nzima iliyokuwa inafanya kazi pamoja jana. Hapo unakwepa karibu mitego yote niliyokutajia juu kwa mpigo.

RAM nunua mtumba. Haichakai, ikiwa nzima leo kuna uwezekano mkubwa itakuzika wewe na kompyuta yako. Na kuanzia mwishoni mwa 2025 RAM mpya zimepanda bei vibaya kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye data senta za AI, kwahiyo mtumba hapa sio kujinyima, ni akili. Ila na wauza mtumba wanajua, wengine wanapandisha pia, linganisha kwanza. Hakikisha ni DDR4 kama mazabodi ni DDR4, kile kikato cha chini kiko sehemu tofauti kwa kila kizazi hivyo kama haiingii usiilazimishe. Ukiona RAM za bei ya kushangaza, GB 16 kwa bei ya GB 4, soma stika, zikiwa na maandishi ya ECC Registered hizo ni za seva, kompyuta ya kawaida haizitambui kabisa. Chukua mbili zinazofanana badala ya moja kubwa, prosesa inasoma njia mbili kwa wakati mmoja na kwa mtu anayetegemea grafiki ya ndani ya prosesa utauona utofauti kwa macho. Ukifika nyumbani weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iache izunguke mara 4 usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja tu, rudisha. Usiseme moja ni kidogo.

SSD mpya, na hapa sijadili sana. Kila SSD ina kiwango cha kuandikiwa kinachoitwa TBW, nyingi nzuri za GB 500 zimeandikwa kama TB 300, maana yake ungeandika GB 40 kila siku ingechukua kama miaka 20 kufika hapo. Kwahiyo sio kwamba ya mtumba lazima imechoka, nyingi hazijafika hata robo. Ninachoogopa ni kwamba ikifa mara nyingi haikohoi kwanza, inapotea tu, na kazi zako zote ziko humo. Zipo pia feki, imeandikwa TB 1 kumbe ndani ni GB 64, unajaza unafurahi alafu faili za mwanzo zinafunikwa na za mwisho. Hard disk ya mtumba nayo nakubali kwa nakala ya pili tu ya vitu ambavyo viko na sehemu nyingine, na kabla ya kutoa hela fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie mistari ya 05, C5 na C6, namba halisi pale kwenye safu ya mwisho zote ziwe sifuri. Ikiwa 05 ina namba inamaanisha diski imeshaanza kuhama sehemu zilizooza, na kuoza huko hakurudi nyuma.

Kadi ya grafiki ndo mahali pa kuokoa hela nyingi zaidi, na ndo mahali pa wizi mwingi zaidi pia. Watu wanaogopa sana kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali. Sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa na kadi Septemba 2022 na kadi nyingi zikamwagwa sokoni, mimi nimezifunga nyingi tu hizo na hofu naona imezidi. Kadi iliyochimba ilikaa kwenye joto moja muda wote, kinachokuwa kimechoka ni feni na ile pesti ya kupoozea, vyote vinabadilishika. Naogopa zaidi kadi iliyookwa, yani ilikufa, fundi akaipasha moto sana ikafufuka kwa wiki mbili za kuuzia. Hiyo ukiigeuza utaona ubao karibu na chip umebadilika rangi, au skrubu zimekwanguliwa, au ina unata wa kemikali ya kusafishia. Feki za bei ya chini nazo zipo, kadi ya miaka mingi nyuma imeandikiwa BIOS inayosema ni GTX 1050 Ti, Windows inaamini kabisa, lakini ukifungua programu ya GPU-Z inaandika FAKE mbele ya jina. GPU-Z ni bure na haina haja ya kuinstoli, iweke kwenye flashi uende nayo. Ijaribu kwa mzigo mzito dakika ishirini, sio tano, angalia kama kuna vidoti vya rangi au mistari inaruka skrini, hivyo vikitokea mara nyingi sio drayva (programu inayoiendesha kadi), ni kadi yenyewe inakufa. Kwa umri, sasa hivi ningeanzia GTX 1650 kwenda juu, kwa sababu NVIDIA walisimamisha drayva mpya za gemu kwa GTX 900 na GTX 1000 mwaka 2025, zimebaki za usalama tu.

Kasha, mtumba. Feni, mpya. Pesti ya prosesa, mpya.

Sasa turudi kwako. Kwa hali uliyonieleza mimi nisingejenga kabisa. Ningetafuta kompyuta nzima iliyotolewa ofisini, Dell OptiPlex au HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, yenye Core i5 ya kizazi cha 8 na kuendelea. i5-8500 ya mwaka 2018 ina kori 6 (vitengo vya kufanyia kazi), na grafiki yake ya ndani ina sehemu maalum ya kusoma na kuandika video za H.264 na HEVC, ndo aina za video simu nyingi zinarekodi, kwahiyo utaediti bila kununua kadi yoyote kwa kuanzia. Linganisha na anachosema kaka yako, kompyuta mpya ya chini kabisa yenye Celeron ya kori mbili na GB 4, ikitoka kwenye boksi inanukia upya lakini ukiweka klipu zako tatu itakwama vilevile inavyokwama hiyo uliyonayo. Kaka yako anakupenda, anaogopa utapigwa, mwambie tu kwamba upya wa boksi haumaanishi nguvu.

Ukitafuta hiyo ya ofisi chukua yenye kasha kubwa la kusimama, usichukue kale kembamba ka kulala. Kembamba kanakubali kadi fupi tu za grafiki zisizohitaji waya wa ziada wa umeme, yani zinazoishi na wati 75 za kwenye tundu, ukija kutaka kukua utakuwa umejifungia mlango. Na ujue pawa saplai zake mara nyingi ni za umbo na plagi za kampuni yenyewe, huwezi kuweka yoyote. Hapo nakuruhusu utumie ya mtumba iliyokuja nayo, najua nimesema nini juu, lakini hizi zilitengenezwa kuwaka siku nzima kila siku ya kazi, na mzigo wake bila kadi ya grafiki ni mdogo. Inuse kabla hujalipa, kweli, weka pua pale nyuma inapotoa upepo baada ya kuiwasha robo saa. Ukisikia harufu ya kuungua au feni inakwaruza, ondoka. Ingia BIOS pia, kama inakuomba nenosiri na muuzaji halijui, usikubali kuambiwa litatolewa kesho.

Hela itakayobaki inunue SSD mpya ya GB 500 na RAM ya mtumba ufike GB 16. Kama inabaki tena, usikimbilie kadi, nunua diski ya nje uweke nakala ya kazi zako. Kipimo ninachotumia kwenye bei ni hiki: kitu cha mtumba kikizidi theluthi mbili ya bei ya kipya chenye waranti, nachukua kipya, kwa sababu hiyo theluthi ninayookoa hailipii hatari niliyobeba.

Fundi wako usimfukuze. Anaweza kuwa mtu mzuri tu, mwambie akutafutie lakini ulipe baada ya kuona ikiwaka kwa mzigo, na akuandikie kwenye risiti namba za utambulisho (serial namba) za vifaa na siku za kurudisha, hata kama ni saba. Akikataa kuandika utakuwa umepata jibu lako bila kutoa hela.

Na ile ya kizazi cha 4 usiiuze bado. Ifungue kwanza uangalie RAM yake, ikiwa DDR3 haitakufaa kwenye mpya, lakini hard disk yake ukiipima na ikawa na sifuri kwenye ile mistari mitatu inakuwa diski yako ya nakala na unaokoa hela ya diski ya nje. Nitumie picha ya CrystalDiskInfo ukishafungua, hakikisha safu ya mwisho inaonekana yote, nikusomee kabla hujanunua chochote.